Matanga ya Panya

Mwenye viti vya kukodi aliuliza marehemu ni nani, kwani kwa mtoto yeye huleta turubai moja na kwa mzee mwenye wajukuu huleta mbili, na hakutaka kuonekana hajui adabu. Achola alikuwa amesimama katikati ya ua wa mama yake, kijijini Mwello, mikono kiunoni. Tangu asubuhi hakuwa na hamu ya kumweleza mtu yeyote jambo lolote.

"Si mtu," alimjibu.

"Ni ng'ombe?"

"Turubai moja inatosha. Viti vipange vielekee ghala."

Mwenye viti alimtazama, akautazama na mlango wa nyumba ambako hakukusikika kilio wala kuonekana moshi, akaamua moyoni kwamba wasomi wana namna zao za kufiwa. Alishusha viti, akavipanga, akaondoka bila kungoja chai.

Aliyekufa, au tuseme aliyepangiwa kufa saa kumi jioni ya Jumamosi hiyo, aliitwa Panya. Jina alimpa Achola mwenyewe miaka sita iliyopita, kwa heshima ya zile njia za panya ambazo watu wa Busia na Malaba huvukia mpaka bila kumsumbua askari. Panya alikuwa programu huria: msimbo uliowekwa wazi mtandaoni ili kila mtu ausome, autumie, aubadili atakavyo, na asidaiwe hata asante. Kazi yake ilikuwa moja. Huku mpakani simu yaweza kuwa Uganda mwenyewe akiwa ameketi, ikawa Kenya akiinuka kufuata chumvi, na ujumbe uliotumwa katikati ya hapo hupotea usijulikane ulikokwenda. Panya aliufuata ujumbe huo. Akikuta lango la upande mmoja limefungwa, alizunguka akabisha la pili, hata ujumbe ukamfikia mwenyewe.

Waandishi wa programu wa pande zote mbili walimpokea kwa mikono miwili. Huyu alimtia ndani ya menyu ya simu ya kuulizia bei za nyanya, yule ndani ya matangazo ya shule, mwingine ndani ya orodha ya zamu za wauguzi. Walimtumia mwaka wa kwanza, wakamtumia wa pili, wakamzoea kama watu wanavyozoea jua. Hakuna aliyewahi kuuliza Panya anakula nini. Alikuwa akimla Achola.

Mchana Achola alifanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, Malaba, na jioni, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alifungua malalamiko. "Panya wako amelala." "Panya yenu inatuaibisha mbele ya wateja." Kijana mmoja wa Malaba alikuwa na tabia ya kutuma alama za kuuliza tupu, mstari mzima, kama mtu anayempigia mbwa mluzi. Achola aliomba msaada. Aliomba kwa adabu, kisha kwa utani, kisha kwa herufi kubwa katika kundi la Wasapu la watumiaji: ANAYEWEZA ASAIDIE. Watu waliweka vidole gumba. Shukrani ya punda ni mateke, hilo lajulikana, lakini punda walau hakuwekei kidole gumba kwanza.

Ndipo jukwaa la ujumbe, lile ambalo menyu zote za simu hupitia, lilipotangaza kwamba lango lake la zamani litafungwa Jumanne. Panya alilijua lango la zamani tu. Kumfundisha jipya ilikuwa kazi ya watu wanne au watano, na Achola alikuwa mmoja, tena mmoja aliyechoka. Malalamiko yalimiminika hata kabla ya kitu kuharibika. Kati ya yote, ujumbe mmoja tu haukuwa wa lawama. Ulitoka kwa Selpher, karani wa kumbukumbu aliyewaandikia wahudumu wa zahanati moja ya upande wa Dabani programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu siku za kuchukua dawa. Wagonjwa wenyewe walilala Uganda na kuchuuza Kenya. "Dada Achola," aliandika Selpher, "Jumatano nitawaambia nini?"

Ujumbe huo ulimkera Achola kuliko matusi yote. Tusi hujibiwa. Hili angelijibu nini?

Basi alijibu kwa tanzia. Aliiandika akiwa amesimama, akaibandika katika kundi na kwenye ukurasa wa Panya, kila mtu aione:

"Kwa majonzi, familia ya Achola wa Mwello inatangaza kifo cha mpendwa wao Panya, kitakachotokea Jumamosi hii saa kumi jioni, baada ya kuugua kwa muda mrefu mbele ya macho ya watu wote. Ameacha watumiaji wasiohesabika na mlezi mmoja. Mazishi yatafanyika nyumbani. Kila mwombolezaji aje na kompyuta yake. Asiye na kompyuta aje na aibu yake."

Alijiambia kwamba hataki kitu ila kuufunga ukurasa ule mchana kweupe, kwa mkono wake, kisha alale siku mbili. Huenda aliamini hivyo. Lakini mtu anayetaka kulala tu hakodi viti.

Mama yake, Harriet, hakuona la kuchekesha. "Kifo hakiitwi nyumbani kwa mzaha," alisema kwa Kidhopadhola, lugha ya nyumbani, huku akifagia ua aliokwisha kuufagia. "Kikija kikakuta viti vimepangwa, wewe utakiambia nini?"

"Nitakiambia kikae, mama. Viti vipo."

Harriet alimwinulia ufagio, akaushusha, akaingia jikoni akiguna. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kuguna kwake kulitosha kuwa hotuba.

Walikuja. Hilo ndilo lililomshangaza Achola, kisha likamwudhi. Kabla hata ya saa nane pikipiki zilianza kuingia kutoka Busia na Tororo, na chini ya turubai wakaketi watu ambao kwa miaka sita alikuwa akiwajua kwa malalamiko yao tu. Alikuwapo Odhiambo, mrefu kama mlingoti, mwenye menyu ya nyanya upande wa Kenya. Alikuwapo Selpher, mwembamba, mkoba kifuani. Alikuwapo Arnold, mwalimu wa Tororo mwenye miwani, na wengine kumi na kitu. Mtu wa huku aweza kukosa harusi, aweza kukosa mkutano na hata kukosa mahakamani, lakini mazishi hayakosi. Waliketi kompyuta zikiwa zimefungwa mapajani, nyuso zimetulia, wakitazama mbele pale ambapo kwa kawaida huwekwa jeneza. Harriet aliwapa chai. Walikunywa na kushukuru kwa sauti ya chini.

Achola alisimama mbele yao. "Mmekuja. Vizuri. Lango jipya linahitaji mtu wa kuliandika. Nani anaweza?"

Mtu alikohoa. Mwingine alipuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Nauliza tena. Nani anaweza?"

"Mimi naona tuunde kamati," Arnold alisema hatimaye, akirekebisha miwani. "Halafu kamati ifungue kundi lingine, la ufundi pekee, ili mambo yasichanganyike."

"Na liwe na mwenyekiti," mtu wa nyuma aliongeza, na vichwa kadhaa vikakubali kwa furaha, kwani kamati ni kitu ambacho kila mtu anajua kukifanya. Achola alihisi damu ikimpanda masikioni. Alikuwa na maneno tayari, maneno ambayo yangemfanya mama yake atoke jikoni na ule ufagio.

Hakuyasema, kwa sababu wakati huo ukemi ulipasuka kwenye kijia. Ulikuwa ukemi wa msiba wenyewe, mrefu, ule unaoanzia tumboni, na nyuma yake alitokea Mama Agwang, jirani wa ng'ambo ya shamba la mihogo, sufuria kubwa ya misibani kichwani, na wanawake wawili wenye mizigo ya kuni. Alikuwa ameiona turubai. Hakuna aliyemwita, na hakuhitaji kuitwa. Katika vilio vyote vya upande ule wa Mwello, yeye ndiye aliyeshika jiko. Alitua sufuria, akamkumbatia Harriet, akalia juu ya bega lake, kisha, baada ya kumwombolezea vya kutosha, akauliza.

"Ni nani nakufa?"

Harriet alimwonyesha binti yake kwa kidevu, kama mtu anayesema: mwulize mwenyewe.

Achola alieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Mama Agwang ulivyokauka machozi.

"Panya," alisema Mama Agwang.

"Ni jina tu, mama. Ni programu. Ni kama..."

"Mimi naacha muhogo yangu kwa jua. Natembea na sufuria kwa kichwa. Nalia mpaka koo nauma. Kwa sababu ya panya?"

"Samahani sana, mama."

"Samahani si kitu nakula." Aligeuka akawatazama wale waliokuwa chini ya turubai, vikombe mkononi. Alivitazama vikombe zaidi kuliko nyuso. "Na hawa? Hawa ni nani?"

"Ni watumiaji wake."

"Na hawa nakula chai ya msiba?"

Odhiambo alikiweka kikombe chake chini ya kiti, polepole, kana kwamba kikombe ndicho chenye kosa.

Mama Agwang alijifunga leso upya, kwa fundo la kazi. "Sasa sikiza. Chai ya msiba haikunywi bure kwa hii kijiji. Kama ni msiba, ni msiba. Hii panya yenu, kazi gani nabaki?"

Walitazamana. Selpher ndiye aliyesimama. "Kuna mambo matatu, mama. Kuna lango jipya, mtu aandike namna ya kulipita. Halafu wengine wajaribu na simu, za huku na za upande wa Kenya. Na mwingine aandike maelezo, ili atakayekuja asipotee."

"Mambo tatu tu! Na nyinyi nakaa hapa kama wakwe." Kidole cha Mama Agwang kilinyooka. "Wewe murefu, lango. Wewe ya miwani, andika ile maelezo, na usiniletee kamati. Nyinyi huko nyuma, simu. Wewe binti," kwa Selpher, "nasimamia hao. Mwenye nakataa, aseme sasa nijue jina ya baba yake."

Hakuna aliyekataa. Watu wale wale ambao dakika chache zilizopita walikuwa wakipuliza chai baridi waliinuka, wakavuta viti vikakabiliana, wakafungua kompyuta. Achola aliwatazama kwa hasira mpya, iliyokuwa mbaya kuliko ya zamani kwa kuwa hakujua aielekeze wapi. Miaka sita alikuwa akiwaomba wote. Hakuwahi hata mara moja kumtaja mtu akamwambia: wewe, hili.

Alichukua kompyuta yake naye, akavuta kiti.

"Wewe nakwenda wapi?" Mama Agwang alimwuliza.

"Kufanya kazi."

"Umefiwa ama hujafiwa?"

"Mama, mimi ndiye ninayejua..."

"Mufiwa hafanyi kazi. Mufiwa nakaa kwa mkeka." Akaichukua ile kompyuta mikononi mwake, kwa upole wa mtu anayempokea mwenzake mtoto, akamkabidhi Harriet. Harriet aliifunga ndani ya leso, akaingia nayo ndani. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu viti viletwe.

Basi Achola akaketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameikunja, na hayo yalikuwa mateso ambayo hakuwahi kuyafikiria. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa, lakini hakuna asemaye unavyokuwa mzito pale unapouona kichwani pa mwenzio naye anayumba. Aliwasikia wakiulizana mambo ambayo yeye angeyajibu kwa neno moja. Alimsikia Arnold akiita kitu kwa jina lisilo lake. Alimsikia kijana wa Malaba, yule yule wa alama za kuuliza, akisema kwa mshangao, "Kumbe hapa ndipo anapozungukia! Aisee, huyu dada alifikiria hii peke yake?" Achola aliangalia pembeni. Hakutaka kusifiwa na huyo.

Saa kumi ilifika, ikapita, na hakuna aliyemzika mtu.

Ndipo Odhiambo alipokuja kuchuchumaa kando ya mkeka, kompyuta kwenye kiganja kama sinia. "Nyamera," alisema, akimwita dada kwa Kijaluo, lugha inayopishana kidogo tu na ya Achola. "Lango liko tayari. Lakini mlango wa Panya unafungua wewe pekee yako. Nahitaji ruhusa."

Achola alisoma. Alisoma mistari mitano, macho yakaanza kumwuma. Nafasi za mwanzo wa mistari hazikulingana. Majina yalikuwa ya mitaani. Kitu kimoja kilikuwa kimeitwa "kamdudu". "Hii nimeiona wapi?"

"Si ndiyo ile nilikutumia mwezi wa pili, lango jipya lilipofunguliwa tu?"

"Mwezi wa pili?"

"Manze, Achola, umesahau? Uliirudisha na maswali kama mtihani wa kidato cha nne. Mbona nafasi nne na si mbili. Mbona jina hili. Mimi na nyanya zangu zinaoza, nikasema wacha tu, mwenyewe hataki."

"Ilikuwa na makosa."

"Ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi na ilikuwa na makosa!"

"Hata yangu ulirudisha," Arnold alisema bila kuinua kichwa, na mtu mwingine akasema, "Mimi mara mbili," na hakukuwa na chuki katika sauti zao, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulipokea.

Mama Agwang alikuwa akipita na mwiko wa posho, kama ugali unavyoitwa huku. Hakuelewa neno la nafasi wala la majina, ila sauti ya ugomvi wa jikoni aliielewa. "Posho ya Aguti iko na mabonge," alisema, akimwonyesha kwa mwiko mmoja wa wale wanawake wa kuni, ambaye alicheka bila kukana. "Kila msiba, mabonge. Mimi nafanya nini, nampokonya mwiko? Watu nakula. Maiti nazikwa." Akaenda zake kwenye sufuria.

Achola alitoa simu. Kumpa mtu ufunguo wa Panya kulihitaji kugusa mahali pamoja tu, chini ya jina. Aliligusa jina la Odhiambo na kidole kikasimama hapo. Aliogopa, na alishangaa kwa kuogopa, maana siku nzima alidhani ana hasira tu. Hakuogopa kwamba wangemharibu Panya. Kilichoharibika hutengenezwa. Aliogopa kwamba wangemweza. Wakimweza, zile jioni zote alizozichoma, yale macho mekundu, ule uchungu wa kuwa peke yake ambao ulikuwa umekwisha kuwa kama cheo, vingekuwa vya nini? Alifikiria Jumatano, na wagonjwa wa Selpher wenye simu zisizolia. Akabonyeza. Kisha, kabla hajabadili nia, akalitafuta jina la Selpher naye akampa.

"Ingiza," alimwambia Odhiambo. "Na hako kamdudu kako."

Odhiambo aliinuka mbio. Chini ya turubai watu walikusanyika nyuma ya kiti chake, wengine wakisoma, wengine wakisukumana tu. Arnold alisoma maelezo yake kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu akamwambia ayafupishe. Selpher alitoka hadi penye kichaka cha mihogo ambako mtandao ulishika vizuri, akatuma ujumbe wa majaribio kwa mhudumu wa zamu upande wa Dabani, ambaye simu yake jioni hiyo ilikuwa imekwisha kurukia Kenya. Lango la zamani walikuwa wamemzibia Panya makusudi, apite jipya tu. Wakangoja. Hata wale wanawake wa kuni walisimama kungoja, bila kujua wanangoja nini.

Simu ya Selpher ililia. Aliisoma akarudi akikimbia, mkoba ukimpiga ubavuni.

"Umefika! Anasema umefika!"

Kelele zilizopigwa hapo zingemfanya mpita njia aulize huo ni msiba wa aina gani. Odhiambo alimkumbatia kijana wa Malaba. Harriet alitoka mlangoni na birika.

Simu ikalia tena. Selpher aliitazama, tabasamu likamtoka. "Anasema umefika mara mbili."

Kisha kichwa kimoja kiligeukia mkeka, na cha pili, hata vyote vikawa vimegeuka.

Achola alikuwa amekwisha kujua. Alijua mstari wenyewe, pale ambapo Panya, akishafunguliwa lango la pili, hana budi kuacha kubisha la kwanza. Kosa hilo lilimlia Pasaka nzima mwaka ule wa mwanzo. Angeweza kuutaja mstari huo kutoka pale alipoketi, bila kompyuta, na wote wangekuwa nyumbani kabla ya giza. Ulimi ulikwisha kuinuka.

"Achola," Odhiambo aliita. "Ni mara mbili. Shida iko wapi?"

Mama Agwang alisimama na mwiko wake, posho ikichemka nyuma yake. Hakumtazama Odhiambo. Alimtazama aliyekuwa mkekani.

"Itafuteni," Achola alisema.

Odhiambo alimkazia macho kidogo, akakuna kichwa, akarudi kwenye kiti chake. "Haya basi," alimsikia akiwaambia wenzake, "tuanze pale anapozungukia." Viti vilivutwa tena. Miguu ya Achola ilikuwa imekufa ganzi. Aliinyoosha yote miwili juu ya mkeka, akamwinulia mama yake kikombe amwongezee chai. Harriet akamimina hadi kikajaa.